Darasa la Kiingereza la Mtaani: Mwongozo kwa Anayetaka Kujitolea

Kila Januari, watoto wa Tanzania Bara waliomaliza shule za msingi za serikali huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamehamia kwenye Kiingereza. Mtoto aliyejua kueleza usanisinuru bila kusita, aliyekokotoa mzingo na eneo la mstatili kwa penseli fupi, anakaa mbele ya ubao ulioandikwa "photosynthesis", "perimeter" na "area", na anaanza kuamini kwamba hajui kitu. Anajua. Kilichobadilika ni lugha.

Mtoto wa mwenye uwezo ameshaandaliwa. Ama alisoma shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, ama wazazi wamemlipia ile kozi ya maandalizi ya kidato cha kwanza inayotangazwa kwenye mabango ya kila mji. Mtoto wa mama lishe, wa kibarua wa machimboni, au anayelelewa na bibi anayeuza mchicha kwa mafungu hana njia hiyo. Shule za sekondari zenyewe huwapa wanafunzi wapya wiki chache za kozi ya Kiingereza, kisha masomo yanaanza na mwalimu anaifuata mada yake.

Pengo hilo mtu wa kujitolea anaweza kulipunguza, na ili kulipunguza hahitaji kuwa mwalimu aliyesomea. Anahitaji kujua anakusudia nini. Madarasa mengi ya kujitolea hufa kwa sababu lengo lao ni "kuwafundisha watoto Kiingereza", jambo lisilo na mwanzo wala mwisho. Lengo la mwongozo huu ni dogo zaidi: mtoto aweze kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha kidato cha kwanza, auelewe, na aandike sentensi chache za kujibu swali. Kuongea kwa ufasaha kutakuja baadaye au hakutakuja. Ukurasa huo hausubiri.

Tatizo lenyewe ni la muda mrefu. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari nazo zianze kuhamia kwenye Kiswahili mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walieleza katika ripoti yao kwamba ni kama mwanafunzi mmoja tu kati ya kumi wa kidato cha nne aliyekuwa na kiwango cha kuweza kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Wengine wote walikuwa wanamaliza elimu ambayo lugha yake hawakuwa tayari hata kuianza. Robo karne baadaye, utafiti wa Uwezo, ulioanza kuwapima watoto nyumba kwa nyumba mwaka 2010, ulikuta kwamba nusu ya wanaomaliza shule ya msingi hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili.

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia bado uko hai, na wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameutolea hoja nzito kwa miaka mingi. Ni mjadala wa lazima. Lakini mtoto aliye darasa la saba leo hawezi kungoja uishe.

Wala kujitolea kufundisha si jambo la kuigwa kutoka nje. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miti, misikitini, makanisani na kwenye ofisi za vijiji. Sehemu kubwa ya waliofundisha walikuwa walimu wa kujitolea, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 67. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 39. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa na vishikwambi wala projekta. Walikuwa na ubao, taa ya chemli, na jirani aliyekubali kuja kila juma.

Kalenda iko upande wako

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati kuna miezi mitatu na zaidi ambayo mtoto yuko nyumbani bila daftari. Wa kiume hupelekwa kuuza karanga au kuchunga, wa kike hubebeshwa ndoo na mdogo mgongoni. Kwa anayetaka kujitolea, hakuna kipindi chenye faida kubwa kama hicho.

Wafundishaji nao wako mtaani wakati huohuo. Waliofanya mtihani wa kidato cha nne hawana shule kuanzia mwisho wa Novemba, na wanaochaguliwa kwenda kidato cha tano huripoti katikati ya mwaka unaofuata. Wa kidato cha sita humaliza Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Baadhi yao hupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengine hukaa nyumbani wakisubiri. Ongeza walimu wastaafu, na kila mtaa una wa kwake. Kundi la watu wanne au watano wenye tabia tofauti ni imara kuliko mtu mmoja mwenye bidii nyingi, kwa kuwa huyo mmoja akiugua malaria darasa linafungwa.

Mfano unaofaa kuangaliwa ni wa CAMFED, shirika lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na kufanya kazi Tanzania tangu 2005. Wasichana waliosomeshwa kwa msaada wake hurudi kwenye shule za sekondari za maeneo yao kama wasaidizi wa wanafunzi, kwa kujitolea. Si wageni. Wanajulikana wametoka nyumba gani, na mtoto anayewatazama anaona mtu aliyekaa kwenye dawati lilelile. Wao wenyewe hawaachwi mikono mitupu: hupata cheti na nafasi ya mkopo usio na riba wa kuanzishia biashara. Anayeanzisha darasa la mtaani hana mikopo ya kutoa, lakini anaweza kuandika barua nzuri ya utambulisho kwa kila kijana aliyefundisha kwa muhula mzima, yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa kijana anayetafuta kazi ya kwanza, barua hiyo ina uzito.

Hapa pasemwe jambo moja bila kuficha. Arusha, Moshi na Zanzibar hupokea wageni wengi wanaokuja kufundisha Kiingereza kwa wiki mbili au tatu. Nia yao mara nyingi ni njema. Hata hivyo, mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila mwezi huanza upya kila mwezi: rangi, namba, viungo vya mwili, wimbo wa kupiga makofi, kisha kwaheri. Mgeni akija kwenye darasa lako, mpe kazi iliyo ndani ya mpango wako, kama kusoma hadithi kwa sauti au kurekodi matamshi ya maneno kwenye simu. Usimkabidhi darasa.

Hodi kwanza

Kabla ya kununua hata chaki moja, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wanapaswa kujua nani anawakusanya watoto, wapi, na saa ngapi. Kisha mwone mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, na Afisa Elimu Kata. Mwalimu mkuu anaweza kukupa chumba baada ya saa za masomo au Jumamosi, na muhimu zaidi, anawajua watoto wanaohitaji. Usiingie kama mtu aliyekuja kurekebisha alichoharibu yeye. Walimu wa shule za msingi za mjini wengi wana darasa la watoto mia na zaidi. Waombe ushauri kwa dhati, kwa kuwa wanaujua mtaala na wanawajua wazazi.

Kikundi kikikua na kutaka kupokea michango, muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii utaratibu wa kujisajili halmashauri. Kwa kuanzia, daftari la mahudhurio na barua ya kuthibitisha ridhaa ya ofisi ya mtaa vinatosha. Msiwatoze watoto fedha, hata ile ya "mchango wa chaki". Ada ya shule za msingi iliondolewa mapema zaidi, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia 2016, na bado familia nyingi hushindwa na sare, madaftari na nauli. Shilingi mia tano kwa wiki inatosha kumtoa darasani mtoto uliyemkusudia hasa.

Usalama wa watoto usiachwe kwa uaminifu tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kila mtu mzima ana wajibu kwake. Fundisheni mahali pa wazi: ukumbi wa kanisa, madrasa, baraza la ofisi, chini ya mwembe. Wawepo watu wazima wawili wakati wote. Hakuna mtoto anayebaki peke yake na mwalimu, hakuna somo la ziada chumbani kwa mtu, hakuna zawadi za siri. Picha za watoto hazipandishwi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi, na hasa zile za kuonyesha nguo zilizochanika zisipigwe kabisa. Fimbo hairuhusiwi, hata kama mzazi mwenyewe atakuja kukwambia "mchape tu, mwalimu". Kila mfundishaji aijue namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bure, na ajue kituo cha polisi cha karibu chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto akimwamini mwalimu wake wa Jumamosi, ipo siku atamwambia jambo zito.

Pima kabla ya kufundisha

Siku ya kwanza usifundishe. Mwite mtoto mmoja mmoja, mkae kando, zungumzeni Kiswahili kwanza mpaka atulie. Mpe karatasi yenye herufi, maneno mafupi, kifungu cha mistari minne, na hadithi fupi, vyote kwa Kiingereza. Mahali anapokwama ndipo pa kuanzia. Kumpima mtoto mmoja huchukua dakika chache tu, na ndiyo njia ambayo Uwezo walitumia, wakiwa wameijifunza kutoka India.

Huko India, shirika la Pratham lilianza katikati ya miaka ya 1990 kwenye mitaa ya mabanda ya Mumbai, likiwatumia wakazi wa hukohuko kufundisha. Somo kubwa lililotoka huko ni kuwapanga watoto kwa kiwango walichofikia badala ya umri au darasa. Majaribio yaliyofanywa na wachumi kina Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Kremer mwaka 2019, yalionyesha kwamba mtoto aliyeachwa nyuma husonga haraka akifundishwa kuanzia alipo. Katika darasa la mtaani hili ni rahisi kuliko shuleni, kwa kuwa hakuna anayekudai umalize muhtasari wa somo. Makundi matatu yanatosha: wanaohangaika na herufi na maneno, wanaosoma sentensi bila kuelewa, na wanaosoma na kuelewa lakini hawawezi kuandika. Asiyesoma vizuri hata Kiswahili, mwanzishie Kiswahili. Kusoma hujifunzwa vizuri kwa lugha anayoijua mtu, na wiki chache za kisomo cha Kiswahili zitamfaa kuliko muhula mzima wa kukariri maneno ya Kiingereza asiyoweza kuyaunganisha.

Somo lenyewe

Chukua mche wa mchicha uliong'olewa na mizizi yake, udongo ukiwa bado unadondoka. Uweke mezani. Waulize watoto, kwa Kiswahili, kila sehemu inaitwaje na inafanya kazi gani. Watakwambia yote: mzizi hufyonza maji, shina husafirisha, jani hutengeneza chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Walilisoma hilo kwenye Sayansi na Teknolojia, na kulisema kwa sauti kunawakumbusha kwamba si wajinga.

Sasa andika ubaoni sentensi nne tu: "This is a plant. The root takes in water. The stem carries water to the leaves. The leaves make food." Soma huku ukigusa sehemu inayotajwa. Mtoto mmoja aje aguse wewe ukisoma, kisha mmoja asome mwingine akigusa. Futa neno moja katika kila sentensi, walirudishe. Futa mawili. Mwishoni wachore mche kwenye daftari, waandike majina ya sehemu zake, na kila mmoja aandike sentensi moja yake mwenyewe. Atakayeandika "My grandmother sells mchicha" amefanya kazi kubwa kuliko aliyenakili ubao mzima. Msomee sentensi yake mbele ya wenzake.

Somo hilo lina vitu vitatu vinavyopaswa kuwepo kila mara: mtoto ameanza na anachokijua kwa Kiswahili, amekutana na Kiingereza kile kile atakachokikuta kwenye kitabu cha biolojia, na ameandika. Mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Bristol uliandaa vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza kwa mtazamo huohuo: sentensi fupi, picha nyingi, maana za maneno magumu kwa Kiswahili, na nafasi ya kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kuandika Kiingereza. Kwa hiyo usione haya kutumia Kiswahili darasani. Kile kibao cha "Speak English" kinachoning'inizwa shingoni mwa mtoto aliyeteleza kwa lugha yake, usikilete. Kinafundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote.

Kuna mahali ambapo msomaji wa Kiswahili hujikwaa kwa namna inayotabirika, na mfundishaji akijua mapema ataokoa muda mwingi. Mtoto wetu amejifunza kusoma kwa silabi, na Kiswahili hakimdanganyi: kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Akikutana na "name" atasoma "na-me", "come" atasoma "ko-me", "root" atasoma "ro-ot". Hajakosea kwa uzembe, ametumia kanuni sahihi mahali isipofanya kazi. Mpe maneno kwa mafungu yanayofanana: "name, game, same, came", halafu "time, line, five". Yale yasiyofuata mkondo, kama "come", "one" na "people", yaandikwe kwenye kadi na kubandikwa ukutani yakae hapo mwezi mzima. Karatasi ya mfuko wa saruji, upande wake safi wa ndani, inafaa sana kwa kazi hii, haichaniki upesi na fundi yeyote wa jirani atakupa bure.

Lingine ni "he" na "she". Kwa kuwa kwetu wote ni yeye, mtoto ataandika kwamba mama yake "he is cooking" na hataona tatizo. Kumfokea hakusaidii. Hadithi fupi za familia yake mwenyewe, zenye baba, shangazi, kaka na bibi, zikisimuliwa mara kwa mara, zitalizoeza sikio.

Halafu kuna maneno ya maswali. Wapo wanafunzi wanaopoteza alama kwenye mtihani ambao majibu yake wanayajua, kwa sababu hawakutofautisha "state" na "explain", au "list" na "describe". Yafundishe haya kwa mambo ya nyumbani. "List" vitu vinavyohitajika kupika ugali. "Describe" ugali ukiwa umeiva. "Explain" kwa nini maji lazima yachemke kwanza. Mtoto akiyafanya hayo kwa ugali, ataweza kuyafanya kwa moyo, mapafu na ramani ya dunia. Kwa upande wa hisabati, tayarisha orodha ya jozi kutoka kwenye vitabu vyenyewe, kama pembe na "angle", ujazo na "volume", sehemu na "fraction", uwiano na "ratio", na chukua chache kila wiki, kila moja ikiwa ndani ya swali la kukokotoa.

Jihadhari na kiitikio. Watoto wetu wamezoezwa kusimama na kuitikia kwa pamoja, "Good morning, teacher!", sauti zikipanda mwishoni kama wimbo. Inapendeza masikioni na inamdanganya mwalimu. Baada ya kiitikio, muulize mmoja mmoja swali dogo ambalo halina jibu la kukariri: "What is in your bag?" Mpe muda. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia. Na sheria ya kwanza ya darasa, iandikwe ubaoni siku zote: hakuna kumcheka anayejaribu.

Saa moja na nusu kwa kipindi, mara mbili au tatu kwa juma, inatosha. Kundi la mfundishaji mmoja lisizidi watoto kumi na tano. Wakizidi, gawanyeni zamu. Mama aliye karibu akiweza kusonga uji, mahudhurio ya Jumamosi asubuhi yatabadilika mara moja.

Wanaokosekana ndio wenyewe

Katika wilaya ya Jaunpur, kaskazini mwa India, Pratham waliwafunza vijana wa vijijini kuendesha kambi za kusoma kwa kujitolea. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba watoto walioshiriki walipiga hatua ya wazi katika kusoma. Lakini walioshiriki walikuwa takriban asilimia 8 tu ya watoto wa vijiji hivyo. Darasa lilikuwa zuri na watoto wengi hawakufika.

Hili litakutokea pia. Baada ya wiki ya tatu wataanza kupungua, na watakaobaki watakuwa wale ambao wazazi wao wanafuatilia, yaani waliokuhitaji kidogo zaidi. Kwa hiyo weka daftari la mahudhurio na ulisome. Mtoto akikosa mara mbili mfululizo, mmoja wenu aende kwao, apige hodi, akae, azungumze na mlezi kwa heshima. Mara nyingi utakuta sababu inayoweza kupatiwa dawa: saa ya darasa imegongana na saa ya foleni ya maji, mdogo wake hana wa kumwangalia, amekosa daftari na anaona haya kusema. Ruhusu wadogo waje wakae kwenye mkeka nyuma ya darasa. Sogezeni saa. Kabla ya kupanga ratiba yoyote waulizeni akina mama, maana wasichana wengi hupoteza masomo kwa sababu ratiba ilipangwa na watu wasioteka maji.

Kuna pia mtoto anayekuja kila siku na hasongi. Kabla ya kumwita mzito, mkalishe mbele na uangalie kama anaona ubao na kama anasikia. Zungumza na mzazi wake juu ya kumpeleka zahanati au kituo cha afya akapimwe.

Vitabu, na Kiingereza chako mwenyewe

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule za msingi na sekondari. Simu moja yenye bando na kopi za kurasa chache zinatosha kwa wiki. Kwa hadithi, mradi wa African Storybook, ulioanza Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha zinazopatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na leseni yake inaruhusu kuzichapa bure. Soma hadithi ileile kwa Kiswahili kwanza, kesho yake kwa Kiingereza. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa 1991, umezaa vitabu vingi vya Kiswahili vinavyofaa kwa watoto wa kundi la kwanza, na maktaba za mikoa zinafaa kuulizwa.

Wengi husita kujitolea kwa kuogopa kwamba Kiingereza chao wenyewe hakitoshi. Woga huo una sehemu ya haki, maana kosa likifundishwa kwa ujasiri hukaa muda mrefu. Dawa yake ni maandalizi. Andika kila sentensi utakayoweka ubaoni siku moja kabla, umwonyeshe mwenzako. Kuwa na Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoka kwa mara ya kwanza 1996, na uifungue mbele ya watoto bila aibu. Usipojua, sema utaangalia, kisha uangalie na urudi na jibu Jumamosi inayofuata. Mwalimu aliyepata alama ya kati ya Kiingereza kidato cha nne lakini anayejiandaa na anayefika kila wiki ana faida kwa mtoto kuliko fundi wa lugha anayetokea anapojisikia.

Kila mwisho wa mwezi rudia kile kipimo cha siku ya kwanza, mtoto mmoja mmoja, na uandike amefika wapi. Aliyepanda mhamishe kundi. Ikiwa kundi zima halijasogea kwa miezi miwili, badili namna ya kufundisha.

Na Januari ikifika msilifunge darasa. Ni wakati huo hasa, muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza, watoto wanapozidiwa na kuanza kutoroka vipindi. Mruhusu kila mmoja aje Jumamosi na daftari la somo lililomshinda wiki hiyo, liwe jiografia au fizikia, mlisome pamoja sentensi kwa sentensi. Endeleeni hivyo angalau hadi Juni.

Kama una cheti cha kidato cha nne na una asubuhi ya Jumamosi isiyo na kazi, wiki hii nenda kamwone mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nawe, umuulize ni watoto gani wa darasa la saba wanaomtia wasiwasi. Anza na hao.